Udongo Wetu Hadi Malindi: Kwa Nini Utafiti wa Uvuvi wa Pwani Unamhusu Mkaazi wa Juja

Mvua kubwa inaponyesha huku kwetu, mto Ndarugu hubadilika rangi. Anayevuka daraja lake kwenye barabara kuu ya Thika, akishapita Juja, huyaona maji yamekuwa mazito na mekundu kama udongo wa shamba, kwa sababu huo ndio udongo wa shamba wenyewe. Baada ya siku chache mto hutulia, maji hurudia rangi yake, na watu huendelea na shughuli zao. Udongo ule haujapotea. Umeanza safari ya mamia ya kilomita, na sehemu yake itafika katika Bahari ya Hindi, mahali ambapo mvuvi wa Malindi hutega malema yake.

Katika vyuo vikuu vya Kenya kuna wanafunzi wa shahada za uzamili na uzamifu wanaochunguza jambo hili kutoka pande zake zote: samaki wa pwani, mabadiliko ya tabianchi, na riziki ya watu wanaoishi kwa kuvua. Wakaazi wengi wa Kiambu wakisikia habari za utafiti wa bahari hudhani ni mambo ya Mombasa na Kilifi. Makala haya yanaeleza utafiti huo umegundua nini, hufanywaje, na kwa nini kaunti isiyo na hata hatua moja ya ufuo ina sehemu kubwa ndani yake.

Mito miwili, bahari moja

Eneo la Juja na Thika lina jambo la pekee katika ramani ya maji ya nchi hii. Maji ya Ruiru na Juja, yaani mito Ruiru na Ndarugu, huingia katika mto Athi. Athi hupita maporomoko ya Fourteen Falls, huzunguka Ol Donyo Sabuk na kuteremka kupitia Ukambani. Ukifika Tsavo hukutana na mto Tsavo na kuitwa Galana, kisha karibu na pwani huitwa Sabaki, na mwisho humwaga maji baharini kaskazini kidogo mwa mji wa Malindi. Ni mto mmoja wenye majina matatu, na eneo linaloulisha maji ni karibu kilomita za mraba 70,000.

Kilomita chache tu kutoka hapo, katika mji wa Thika, mambo ni tofauti. Mto Chania hukutana na mto Thika, na mto Thika huenda kwenye Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, wa takriban kilomita 1,000, unaoingia baharini Kipini kwenye ghuba ya Ungwana. Kwa hiyo mvua inayoanguka upande mmoja wa kaunti ndogo zetu hufika Malindi, na inayoanguka upande wa pili hufika Kipini.

Tofauti hii ina maana kubwa kwa wavuvi. Mto Tana una mabwawa makubwa ya umeme. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, hupokea maji ya mto Thika na kuukamata udongo mwingi kabla haujaenda mbali. Udongo huo hulijaza bwawa na kupunguza nafasi ya maji, na hiyo ndiyo sababu moja ya kuanzishwa, mwaka 2015, kwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, unaowasaidia wakulima wa bonde la Thika na Chania kuhifadhi udongo. Athi, kwa muda mrefu, haukuwa na kizuizi kikubwa cha namna hiyo. Udongo unaoingia Athi huwa na njia ndefu lakini iliyo wazi hadi baharini. Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018 huko Makueni, linaweza kubadilisha hali hiyo. Litakamata udongo kiasi gani, na wavuvi wa Malindi watafaidika au watapata hasara? Hapo pana kazi ya shahada nzima, pengine hata mbili.

Tuseme pia ukweli ulivyo: Kiambu si chanzo kikuu cha tope la Sabaki. Sehemu kubwa hutoka katika nyanda kavu za chini, ambako mimea ni michache, mifugo ni mingi, na mvua moja kali huweza kuchukua tabaka zima la juu la ardhi. Lakini sisi tuko kwenye kichwa cha mto, na kichwani ndipo mvua ni nyingi na watu wanazidi kujenga.

Jiwe lililoweka kumbukumbu

Mtu anaweza kuuliza: nani ajuaye kwamba udongo umeongezeka? Labda mto ulikuwa mwekundu tangu enzi za mababu. Jibu limetoka mahali ambapo wengi wasingetazamia, ndani ya tumbawe.

Tumbawe ni mnyama mdogo sana ambaye hujenga mifupa ya chokaa na kuishi kwa makundi. Kundi kubwa la aina fulani hukua polepole, kiasi cha sentimita moja hivi kwa mwaka, na kila mwaka huacha tabaka, kama vile mti unavyoacha duara ndani ya shina lake. Anayetoboa tumbawe la zamani na kutoa kipande kirefu huweza kuhesabu miaka kwenda nyuma.

Wanasayansi walifanya hivyo katika bahari ya Malindi, wakalipata tumbawe lenye umri wa takriban miaka 300, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2007. Walichopima ndani ya tabaka zile ni madini yaitwayo bariamu. Udongo wa mtoni hubeba bariamu. Ukikutana na maji ya chumvi huiachilia, nalo tumbawe huichukua na kuijenga katika mifupa yake. Mwaka wenye tope jingi huacha bariamu nyingi.

Rekodi hiyo ilionyesha kwamba kuanzia mwaka 1700 hadi 1900 udongo uliotoka mtoni ulikuwa karibu kiwango kilekile. Baada ya 1900 ulianza kupanda, ukaendelea kupanda, na kufikia kilele kati ya 1974 na 1980, ambapo ulikuwa mara 5 hadi 10 ya kiwango cha asili. Watafiti walieleza sababu kuwa ni ongezeko la watu, matumizi ya ardhi yasiyo na utaratibu, ukataji misitu, na ukame mkali wa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulioiacha ardhi tupu.

Anayejua historia ya nyanda za juu za Kenya hatashangazwa na tarehe hizo. Baada ya 1900 ndipo mashamba makubwa yalipofunguliwa na walowezi, na watu wengi wakasongamana katika maeneo machache waliyotengewa. Jiwe la bahari limeandika historia ya ardhi yetu kwa namna ambayo hakuna karani wa serikali aliyewahi kuiandika.

Msimu nao una maneno yake. Wakati wa kaskazi, takriban Novemba hadi Machi, upepo husukuma maji ya tope ya Sabaki kuelekea kusini, yakapita juu ya matumbawe ya Malindi, ambako kuna mbuga ya bahari iliyotengwa tangu 1968. Wakati wa kusi, takriban Aprili hadi Oktoba, tope huelekea zaidi kaskazini, kwenye ghuba ya Ungwana. Hivyo mafuriko yetu ya Novemba huwa na uzito wake mbali na yale ya Mei. Na tusidhani tope ni sumu tupu. Ghuba ya Ungwana ndiyo yenye kamba wengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya pwani yetu, na kamba hao hutegemea rutuba inayoletwa na mito. Mvuvi wa kamba na mvuvi wa samaki wa mwambani wanaweza kuutazama mto uleule kwa macho mawili tofauti, na mtafiti asiyelijua hilo atawaudhi wote wawili.

Joto juu ya tope

Sasa tuongeze tabianchi. Ndani ya mwili wa tumbawe huishi miani midogo isiyoonekana kwa macho. Miani hiyo hutumia jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake, na ndiyo inayompa rangi. Bahari ikipata joto kupita kiasi kwa wiki kadhaa, tumbawe huifukuza miani yake, likabaki jeupe. Huko ndiko kupauka kwa matumbawe. Joto likishuka mapema tumbawe hupona. Likikawia, hufa kwa njaa.

Mwaka 1998, baada ya El Niño iliyotuletea mafuriko makubwa hata huku bara, bahari ilipata joto la ajabu kati ya Machi na Mei. Katika maeneo mengi ya pwani ya Kenya zaidi ya nusu ya matumbawe hai yalikufa. Sehemu zilirudi kidogo kidogo, kisha joto likarudi mwaka 2016, na tena mwaka 2024, wakati matumbawe yalipopauka katika bahari nyingi duniani. Nafasi ya kupumzika kati ya pigo moja na jingine inazidi kuwa fupi, na hilo ndilo linalowatia wasiwasi wanaofuatilia.

Tope na joto vikikutana, hesabu huwa ngumu. Tumbawe lililofunikwa na vumbi la udongo hutumia nguvu nyingi kujisafisha, na lililopoteza miani halina nguvu hizo. Lakini baadhi ya watafiti wameona pia kwamba maji yenye ukungu kiasi yanaweza kuyakinga matumbawe na jua kali wakati wa joto. Ni kipi kinachoshinda, na wapi? Hakuna jibu moja kwa pwani nzima. Wenye kulitafuta ni vijana wanaozamia na ubao wa plastiki mkononi na penseli iliyofungwa kwa uzi, wakihesabu tumbawe moja baada ya jingine katika kamba ya mita kumi.

Samaki wakipungua, mvuvi hufanya nini?

Sensa za wavuvi za miaka ya 2010 zilihesabu takriban wavuvi 13,000 katika pwani ya Kenya. Wengi wao hutumia mitumbwi, hori, dau na ngalawa, au huenda kwa miguu maji yanapokupwa, na hawatoki mbali na mwamba. Tafi, changu, pono na pweza wanaopatikana hapo hutegemea matumbawe na nyasi za bahari. Wakati wa kusi bahari huchafuka na mitumbwi mingi hubaki ufuoni kwa siku nyingi. Mwenye chombo kikubwa huweza kufuata jodari na nguru kwenye maji ya kina. Asiye nacho hubaki palepale alipovua babu yake, samaki wawepo wasiwepo.

Mtu wa mjini husema kwa wepesi: samaki wakiisha, si watafute kazi nyingine? Swali hilo lilipelekwa kwa wavuvi wenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, wavuvi zaidi ya mia moja wa pwani ya Kenya waliulizwa wangefanya nini iwapo mapato ya uvuvi yangeshuka kwa kiwango fulani, kisha kwa kiwango kikubwa zaidi. Waliotoka katika nyumba maskini ndio waliokuwa na uwezekano mdogo wa kuacha, hata samaki wakipungua kwa nusu. Waliokuwa na njia nyingine za kipato nyumbani walikuwa tayari zaidi kutoka.

Ukifikiri kidogo, ni jambo la kueleweka. Kuacha uvuvi kunahitaji mtaji, shamba, ujuzi au ndugu aliye mahali. Mara nyingi pia mvuvi ana deni kwa tajiri, yule mnunuzi anayemkopesha wavu au fedha za matibabu kwa ahadi kwamba samaki wake atamuuzia yeye. Mkulima wa chai au kahawa wa kaunti hii anayelijua deni la msimu ujao hahitaji kuelezwa zaidi. Hivyo samaki wanavyopungua ndivyo mtu huzidi kuvua, na mara nyingine kwa zana zinazoharibu, kama juya la kukokota ambalo lilipigwa marufuku mwaka 2001 na bado likaendelea kuonekana.

Kuna watu ambao hesabu za uvuvi huwasahau. Mama karanga, kama wanavyoitwa pwani, ni wanawake wanaonunua samaki wadogo ufuoni, wakawakaanga na kuwauza kijijini na mtaani. Hawana nguvu ya kushindana na wachuuzi wa samaki wakubwa wa hoteli. Utafiti wa Nyali, Mombasa, uliochapishwa mwaka 2015, uliangalia nini kingetokea iwapo uvuvi ungepunguzwa ili samaki waongezeke. Bahari ingenufaika, na baadhi ya wavuvi pia wangenufaika. Mama karanga ndio waliokuwa katika hatari ya kupoteza, kwa kuwa wao huishi kwa wingi wa samaki wadogo. Nadhani hilo ni mojawapo ya mambo muhimu kabisa yaliyotoka katika utafiti wa pwani, kwa sababu linamzuia afisa yeyote, wa kaunti yoyote, kusema kwamba hatua fulani ni nzuri kwa wote.

Si habari zote ni za hasara. Malema ya kienyeji, yaliyosukwa kwa ukindu au mianzi, yalijaribiwa kwa kuwekewa nafasi nyembamba ya kutorokea samaki wachanga na wembamba wasio na soko. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba samaki waliobaki ndani walikuwa wakubwa zaidi na kipato cha mvuvi hakikushuka, bali kilipanda. Ni badiliko la sentimita chache kwenye kitu ambacho mvuvi tayari anacho. Huko Gazi, Kwale, miaka mingi ya kupima mikoko inavyokua na kuhifadhi kaboni ndiyo iliyowezesha mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, kuuza hewa safi na kutumia fedha kwa maji na shule za vijiji vya Gazi na Makongeni. Wengi waliopima mikoko hiyo walikuwa wanafunzi waliohitaji cheti. Vijiji vikabaki na bomba la maji.

Utafiti wenyewe hufanywaje

Mzazi ambaye mtoto wake amerudi nyumbani na kusema anafanya uzamili wa mambo ya bahari ana haki ya kujua mtoto anafanya nini hasa kwa miaka miwili au zaidi.

Kwanza huandika pendekezo: swali gani, kwa nini, na atalijibuje. Wasimamizi wake wawili au zaidi hulirudisha mara kadhaa likiwa na wino mwekundu. Kisha hutafuta kibali cha kamati ya maadili, kwa sababu atawahoji watu, na leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume iliyoundwa chini ya sheria ya sayansi ya mwaka 2013. Akifika pwani huripoti kwa serikali ya kaunti husika na kwa kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, ambacho kimekuwapo kisheria tangu kanuni za mwaka 2007. Akiruka hatua hiyo ya mwisho, ajue hakuna atakayezungumza naye.

Baada ya hapo ndipo kazi huanza. Alfajiri huwapo pwani mitumbwi inapotia nanga, akipima uzito na urefu wa samaki kabla hawajachukuliwa na wachuuzi, ambao hawana subira. Mchana huzungumza na kaya. Hojaji iliyoandikwa kwa Kiingereza na kutafsiriwa papo kwa hapo huleta majibu ya hovyo. Anayejua kwamba kolekole wa Lamu na kolekole wa duka la samaki la Nairobi huenda wasiwe samaki mmoja hupata majibu ya maana. Lazima pia akae kaskazi na kusi, kwa kuwa aliyepima msimu mmoja tu amepima nusu ya mwaka na kuita mwaka mzima. Fedha ndizo huwakwamisha wengi hapa. Wapo wanaopata ufadhili wa Mfuko wa Taifa wa Utafiti au wa WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yenye makao Zanzibar. Wengine hutegemea mzazi aliyeuza ng'ombe.

Takwimu za miaka mingi hupatikana kwa taasisi kama KMFRI, iliyoanzishwa mwaka 1979 na yenye makao Mombasa, na CORDIO, ambayo imefuatilia matumbawe tangu kupauka kwa 1998. Mwanafunzi asiyefanya kazi na taasisi hizi hujikuta akianza upya jambo ambalo wengine walishalimaliza.

Malalamiko ya wavuvi kuhusu watafiti ni ya zamani na ni ya haki: wanakuja, wanauliza, wanaondoka, hawarudi. Kitabu cha tasnifu chenye kurasa mia mbili kilichowekwa maktabani si jibu kwa mtu aliyekupa saa mbili za asubuhi yake. Kurudi na karatasi moja ya Kiswahili na kuisoma chini ya mkungu, pale wavuvi wanapotengeneza nyavu, kunatosha kuanza.

Kazi iliyoko hapa Juja

Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, JKUAT, kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1981 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Katika uwanja huohuo wa Juja ipo taasisi ya Chuo Kikuu cha Pan African inayofundisha sayansi na teknolojia kwa wanafunzi wa uzamili na uzamifu kutoka bara zima. Ni kweli chuo cha Juja kiko mbali na bahari, na vyuo vya pwani kama Pwani huko Kilifi vina nafasi bora ya kuchunguza samaki. Lakini udongo huchunguzwa unakotoka. Mwanafunzi asiye na nauli ya Malindi anaweza kusimama kwenye daraja la Ndarugu kila wiki kwa mwaka mzima, kuchota maji, kuyachuja, kukausha tope na kulipima. Hakuna haja ya chombo cha kuzamia. Akilinganisha vipimo vyake na picha za setilaiti za mdomo wa Sabaki, ambazo hupatikana bila malipo, atakuwa ameanza kuunganisha ncha mbili za mto ambazo kwa kawaida huchunguzwa na watu wasiojuana.

Maswali hayakosekani. Machimbo ya mawe ya Ndarugu, yaliyojenga nusu ya nyumba za Nairobi na za kwetu, huongeza tope kiasi gani mvua inaponyesha? Ploti zinazosafishwa kwa tingatinga na kukaa miezi wazi kabla ya kujengwa, kuanzia Ruiru hadi Witeithie, zinapoteza udongo zaidi ya shamba la kahawa lililokuwapo? Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalibeba nini kutoka kwetu? Haya yanahitaji mtu wa udongo, mtu wa uhandisi wa maji na mtu wa uchumi, na wote wako ndani ya ua mmoja.

Kwa upande wa serikali ya kaunti, jambo hili si hisani kwa watu wa pwani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti kazi ya kilimo, pamoja na uvuvi, na utekelezaji wa sera za kitaifa za kuhifadhi udongo na maji. Mkulima naye ana hesabu yake mwenyewe: tabaka la juu linalokwenda Malindi ndilo lenye mbolea aliyoinunua. Akilipoteza msimu huu atanunua tena msimu ujao.

Yanayofanya kazi yanajulikana. Matuta ya fanya juu yanayofuata mkondo wa mlima, ukingo wake ukipandwa mabingobingo ambayo pia ni chakula cha ng'ombe. Mitaro ya kupitisha maji ya barabara isiyoelekezwa moja kwa moja mtoni. Ukanda wa mto usiolimwa wala kujengwa, ambao kanuni za maji zinataka uwe kati ya mita 6 na mita 30 kutegemea upana wa mto. Kwa anayejenga, kuacha nyasi kwenye ploti hadi siku ya kuchimba msingi, na kufunika rundo la mchanga.

Mkaazi anayetaka kupimiwa matuta amwone afisa wa kilimo wa wadi yake, ikiwa ni Juja, Kalimoni, Murera, Theta au Witeithie. Wanaoishi kando ya mito wanaweza kujiunga na chama cha watumiaji maji cha mto wao, kinachotambuliwa chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Na mwanafunzi atakayebisha hodi akiomba kupima maji yanayotoka shambani mwako atakuwa na leseni ya NACOSTI mkononi. Muombe akuonyeshe, kisha muulize ni lini atarudi kukuambia alichokipata. Mvua za vuli huanza Oktoba, na matuta huchimbwa ardhi ikiwa bado kavu.